Spea ya Adoch

Siku tuliyonunua rimu ilikuwa Jumamosi ya kawaida. Binti yetu Nakhisa alikuwa na miaka saba na jino moja linalotikisika. Mke wangu Adoch alikuwa amevaa viatu vya raba, kwa sababu alisema wanaume wakianza kuchagua magurudumu, mwanamke husimama mpaka miguu inavimba.

Mimi ni mpima ardhi. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, na nimefanya kazi Kampala miaka kumi na miwili. Adoch alikuwa Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, binti wa sajenti wa jeshi, amezaliwa na kukulia kambini. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na ndicho tulichozungumza nyumbani.

Gari letu, Premio, lilikuja na rimu za chuma za inchi kumi na tano na tairi za 195/65. Nilitaka rimu za aloi za inchi kumi na saba. Rimu ikikua, ubavu wa tairi lazima upungue. La sivyo gurudumu zima linakuwa kubwa, mita ya kasi inadanganya, na mpira unakwaruza bodi. Nilikaa kwenye benchi la Kasim, muuza tairi wa Ndeeba, nikapiga hesabu kwenye daftari. Tairi la zamani lilikuwa na kipenyo cha milimita 634.5. La 225/45 kwenye rimu ya kumi na saba lilikuwa na 634.3. Tofauti yake ni sehemu moja ya tano ya milimita.

"Huyu anapima tairi kama shamba la urithi," Adoch alimwambia Kasim. "Ngoja, sasa hivi atapanda mawe ya mpaka."

Kasim alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaniuliza, "Na spea, Mzee Wandera? Chukua rimu ya tano, zifanane zote."

"Spea ya zamani inatosha. Kipenyo ni kile kile."

"Kipenyo sawa. Nati je?"

Akaniwekea nati mbili kwenye kiganja. Ya rimu mpya ilikuwa na mdomo bapa wenye washa. Ya rimu ya chuma ilikuwa na mdomo wa koni, ili izame kwenye tundu na kulikamata. Ukifunga rimu ya chuma kwa nati bapa, aliniambia, utakaza mpaka jasho likutoke, na mkono utakwambia imekaza. Lakini haijashika. Akahesabu nati tano za zamani, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Hizi zikae butini pamoja na spea. Usisahau."

Sikusahau. Nati zile zilipiga kelele kila nilipopita tuta, na mimi sipendi kelele. Siku ya nne nililitoa kopo butini, nikaliweka kabatini, nikijiambia kwamba nitazifunga kwa kitambaa na kuzirudisha. Sikumwambia Adoch.

Wiki tano baadaye, Alhamisi saa tisa mchana, Adoch alipata pancha kwenye baipasi, juu kidogo ya Kalerwe. Nakhisa alikuwa naye. Adoch hakumwita fundi. Baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari ya jeshi, na alimfundisha kubadilisha gurudumu kabla hajamfundisha kuendesha. Alipiga magoti kwenye nyasi, akatoa rimu ya aloi, akamwambia mtoto akinge mikono ashike nati. Akafunga spea kwa nati zile zile bapa. Zilikuwepo hizo tu.

Gurudumu lilichomoka baada ya mita mia tisa. Gari liligonga ukingo wa zege upande wa dereva. Adoch alifia pale pale. Nakhisa hakupata hata mchubuko.

Polisi waliniuliza mbele ya ndugu wote wa Adoch. Nilisema, "Nadhani hakukaza vizuri."

Waliandika hivyo. Nilitia sahihi.

Mama mkwe wangu, Mama Lamwaka, hakulia aliposikia. Aliniangalia tu. "Binti wa Sajenti Okullo," alisema polepole, "hakukaza nati?"

Alipoomba tupeleke kondoo pale barabarani, tumwite Adoch kwa jina na kumwambia twende nyumbani, kama wanavyofanya kwao kwa mtu aliyekufa njiani, nilikataa. Nilisema mimi ni mtu wa kanisa, na nimesoma. Nilichukua mwili chumba cha maiti, nikavuka mpaka, nikauzika Busia.

Miezi mitatu ilipita.

Jumatatu moja, saa tisa na dakika kumi mchana, Nakhisa alikuwa sebuleni kwetu Kibuli akichora. Aliweka penseli chini. Akachuchumaa. Akakinga mikono mbele yake, vidole vimebanana, kama mtu anayesubiri kumiminiwa maji. Nilidhani anacheza. Kisha nikaona kifua chake hakipandi.

Nilimwita. Macho yalikuwa wazi, yakitazama kitu kilicho karibu sana na uso wake. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Halafu akavuta pumzi, akaokota penseli, akaendelea kuchora. Ilichukua sekunde kumi na moja. Najua, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu.

Nilipomnawisha mikono kabla ya chakula, maji yalitoka meusi. Ilikuwa grisi.

Jumanne, dakika ile ile, zilikuwa sekunde ishirini na mbili. Jumatano nilikuwa naye hospitalini, amefungwa nyaya kifuani: arobaini na nne. Daktari alisema moyo ni mzima, mapafu ni mazima, na akaniuliza kama mtoto huwa anazuia pumzi kwa hasira. Alhamisi, hospitali nyingine, wakiwa wamemwekea hewa ya oksijeni: themanini na nane. Ijumaa: mia moja sabini na sita. Muuguzi alianza kupiga kelele. Nakhisa alipozinduka alikuwa na michubuko ya duara kwenye viganja, mitano, yenye ukubwa wa mdomo wa nati.

"Mama anasema nishike vizuri," aliniambia. "Anasema zinaanguka."

Sihitaji kueleza hesabu iliyofuata. Jumamosi zingekuwa sekunde mia tatu hamsini na mbili. Ni karibu dakika sita. Hakuna mtoto anayetoka huko.

Jumamosi asubuhi nilimchukua Nakhisa hospitalini kwa sahihi yangu, nikampeleka nyumbani, na kumpigia simu mama mkwe. Alifika na shemeji yangu Ocaya, ambaye ni polisi. Mama Lamwaka alimkalisha mtoto mapajani, akamfungua viganja, akavitazama kwa muda mrefu.

"Wandera, ulizika mwili," alisema. "Mwenyewe bado amepiga magoti barabarani."

"Anataka nini, Mama?"

"Anataka kumaliza kazi. Kila siku anafunga gurudumu lile. Kila siku linachomoka, na watu wanasema hakukaza. Kwa hiyo anaanza tena. Mtoto ndiye anamshikia nati." Aliifunika mikono ya Nakhisa kwa yake. "Mtu mwingine aende akashike. Na gurudumu lenyewe liwepo, lile lile. Mtu hamalizi kazi kwa chombo cha jirani."

Ningekuwa mtu wa miezi mitatu iliyopita, ningebishana. Ilikuwa saa tano na nusu.

Ocaya alisema gurudumu lile halikuingia kwenye yadi ya polisi. Lilibingirika bondeni kuelekea soko la Kalerwe, na siku ile hakuna aliyelifuata. Nilifungua kabati. Nilichukua kopo la maziwa, nikalisokomeza ndani ya koti. Ocaya alisikia mlio.

"Ni nini hiyo, shemeji?"

"Vifaa," nilisema.

Tulitafuta sokoni kwa saa mbili. Kalerwe kuna tairi kila mahali: zimeshikilia mabati, zimekuwa meza, zimekuwa viti. Niliinama kwenye kila moja na kusoma ubavu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. 175/70. 185/65. 205/55. Saa nane na dakika ishirini na tano nilisimama mbele ya mwanamke mnene aliyekaa kati ya mabeseni ya nyanya.

"Ssebo," alisema, akiniita bwana kwa Kiganda, "wewe nanunua nyanya ao naangalia makalio yangu?"

"Naangalia ulichokalia, mama."

"Wanaume wote nasema hivyo!" Majirani zake waliangua kicheko. "Rukiah, umepata bwana! Tena iko na koti!"

Nilipiga magoti kwenye matope. Kicheko kikapungua. Ubavuni niliona 195/65R15, na kwenye rimu ya chuma ile alama ya rangi nyeupe niliyoiweka kwa mkono wangu. Mpira ulikuwa umebonyea, hauna upepo hata kidogo.

"Mama, hili gurudumu lilimuua mke wangu. Nakuomba."

Rukiah alisimama kwa haraka ambayo sikuitegemea. Hakuuliza swali. Alijipangusa nyuma ya gauni lake la gomesi kwa mikono miwili.

"Chukua," alinong'ona. "Mimi nilisema kwa hawa watu, hii tairi iko na maneno. Ikifika saa tisa inakuwa baridi kama barafu. Mimi nasimama, nafanya kama naenda kukojoa. Chukua, bambi. Pole."

Nilitaka kumpa kitu. Alirudisha mikono nyuma.

"Hapana. Ukilipa, itajua njia ya kurudi kwangu."

Tulifika baipasi saa tisa na dakika nne. Ocaya aliegesha, akasimama karibu na bodi ya gari lake. Mama Lamwaka alikuwa Kibuli na mtoto. Nilimpigia, nikaweka simu kwenye nyasi, sauti juu. Magari yalipita. Jua lilikuwa kali. Mbuzi mmoja alikuwa akila karibu na mtaro.

Nililaza gurudumu pale Nakhisa alipotuelekeza kabla hatujaondoka nyumbani, karibu na kibao cha kilomita. Nikachuchumaa. Nikamimina nati tano viganjani.

"Anachora," Mama alisema kwenye simu.

Saa tisa na dakika nane. Tisa.

"Ameweka penseli."

Mbuzi aliacha kula. Aliinua kichwa, akatazama mahali palipo mbele yangu, kisha akaondoka kwa kukimbia.

"Hapumui," Mama alinong'ona. "Wandera. Hapumui."

Nilikinga mikono. Nati zilikuwa na joto la mwili wangu. Hakuna kilichotokea. Nilisema, "Adoch, niko hapa. Nipe mimi. Mwache mtoto." Lori lilipita na kutikisa ardhi. Hakuna. Sekunde arobaini. Sitini. Nilinyoosha mikono zaidi. Themanini.

"Midomo imekuwa ya bluu."

"Adoch, tafadhali."

Mia moja. Nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye gurudumu, ikifika magotini. Kulikuwa na mtu mbele yangu. Sikumwona. Nilisikia harufu ya sabuni yake na grisi. Alikuwa karibu kiasi cha kunibusu. Alikuwa anasubiri. Lakini hakuwa anasubiri nati.

Mia moja na thelathini.

"Wandera!" Mama alikuwa analia sasa. "Fanya kitu!"

Nilimtazama Ocaya. Nilitazama simu.

"Alikaza," nilisema.

Sauti haikutoka vizuri. Nikasema tena.

"Alikaza. Mama, sikia. Ocaya, sikia. Adoch alikaza. Nati zilikuwa za rimu nyingine. Zake nilizitoa mimi. Nilizitoa butini kwa sababu zilikuwa zinapiga kelele. Nikaziweka kabatini. Sikumwambia. Polisi waliponiuliza, nilijua. Siku ile ile nilijua. Nikasema ni yeye."

Ocaya alishusha mikono yake.

Nati moja ina uzito wa gramu hamsini hivi. Nilihisi gramu hamsini zikiondoka kwenye kiganja changu cha kulia. Sikuona kitu. Nati ilikuwepo, kisha haikuwepo. Mbele yangu, kwenye hewa tupu, nikasikia spana.

Krii. Krii. Krii.

Ya pili ikaondoka. Vidole viligusa vyangu. Vilikuwa baridi, na vilikuwa na haraka.

Krii. Krii.

Ya tatu. Pumzi yangu ilikwama. Nilifungua mdomo na hewa haikuingia. Nilielewa. Anayeshika nati hapumui. Sikuondoa mikono.

Ya nne.

Dunia ikawa nyeupe pembeni.

Ya tano. Spana ilizunguka mara moja, mbili, kisha ikasita, na mtu akaiegemea kwa uzito wake wote, kama alivyofundishwa na baba yake.

Halafu kimya.

Nilianguka kifudifudi kwenye nyasi. Kitu cha kwanza nilichosikia ni kikohozi cha mtoto kwenye simu, na Mama Lamwaka akisema jina la Mungu kwa Kiacholi, tena na tena. Ocaya alikuwa ameshika saa yake. Aliniambia baadaye: sekunde mia mbili arobaini na tisa.

Hakunisaidia kuinuka. Alisimama juu yangu mpaka niliposimama mwenyewe.

"Jumatatu utakuja kituoni," alisema. "Utaandika upya."

"Nitaandika."

"Mimi mwenyewe nitakaa hapo nikisoma."

Niliandika. Jumapili kabla yake, saa nne asubuhi, Mama Lamwaka alileta kondoo na tawi ambalo roho ya Adoch ingelifuata, nami nilisimama nyuma kabisa, mahali nilipopangiwa. Walimwita Adoch kwa jina. Walimwambia, twende nyumbani. Aliposhika njia ya kurudi na tawi mkononi, mama mkwe alipita mbele yangu bila kusimama. Hajasema nami tangu siku hiyo, isipokuwa kuuliza mtoto amekula nini. Naona ni haki.

Nakhisa alipona. Saa tisa na dakika kumi Jumapili alikuwa anakula muwa. Jumatatu vilevile. Alianza kucheka tena kwa sauti, na lile jino liling'oka.

Gurudumu Ocaya alikataa kubaki nalo, kwa hiyo nililileta nyumbani na kulisimamisha kwenye ukumbi wa nyuma. Wiki ya pili nilikwenda kulipakia nilitupe. Lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia, na gumu. Nililibonyeza kwa gumba. Lilikuwa limejaa upepo.

Nilitafuta valvu ili niutoe. Valvu haikuwepo, ilikwishakatwa zamani, labda sokoni. Palikuwa na tundu tupu kwenye rimu, ambalo kidole changu kidogo kingeweza kuingia. Niliweka kidole karibu na tundu. Hewa ilitoka, ya vuguvugu. Ikasimama. Kisha ikaingia, ikivuta ngozi ya kidole changu. Ikasimama. Ikatoka.

Nilihesabu kwa dakika nzima. Mara ishirini na moja.

Nakhisa alikuwa amelala usingizi wa mchana chumbani. Nilikwenda taratibu, nikaketi kando ya kitanda, nikatazama kifua chake na saa. Mara ishirini na moja. Nilirudi ukumbini. Nakhisa aligeuka kitandani, nikasikia kitanda kikilia, akashusha pumzi ndefu. Tundu likashusha pumzi ndefu.

Tangu hapo siwezi kulitupa. Liko chumbani mwangu, mbali na jua, mbali na misumari, juu ya blanketi. Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani?

Nilimuuliza Kasim swali moja tu, kama mteja yeyote: tairi lisilotumika hudumu muda gani? Alinionyesha kwenye tairi la dukani namba nne zilizochapwa ndani ya duara refu ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Mpira huzeeka hata kama haujakanyaga barabara, alisema. Ukitunzwa vizuri sana, miaka kumi. Baada ya hapo unaanza kupasuka wenyewe.

"Kwa nini, mzee? Unataka spea mpya?"

"Hapana," nilisema. "Nataka hili hili."

Nilipofika nyumbani nilipiga magoti, nikafuta vumbi, nikasoma. Tairi hilo limebakiza miezi minne.

Leo asubuhi nimelipaka glisirini, kama kila siku, na nimeona ufa wa kwanza, karibu na ukingo wa rimu. Una urefu wa milimita tatu. Nimepima mara mbili. Nilipokuwa bado nimeshika rula, Nakhisa ameamka chumba cha pili, akikohoa.